Jinsi ya kumfundisha mtoto wa mbwa asing'ate watu wa nyumbani

Hapa Moshi wengi wetu tunafuga mbwa kwa sababu moja tu: mwizi. Iwe nyumba ya kupanga kule Pasua au kihamba (shamba la ukoo lenye nyumba na migomba) cha baba kule Kibosho, mbwa analetwa ili alinde. Ndiyo maana mtoto wa mbwa anapoanza kung'ata vidole na kuvuta pindo la kanga, hapo nyumbani hakosekani mtu wa kufurahi: "Mwacheni, huyu atakuwa mkali." Miezi michache baadaye mbwa huyohuyo ana meno makubwa, mtoto wa jirani ameshonwa nyuzi mguuni, na mbwa anahukumiwa mnyororo maisha yake yote.

Tuliweke sawa hili kwanza, maana usipolikubali hutafuata hatua hata moja kati ya zinazokuja. Mtoto wa mbwa anayeng'ata mikono ya watu wa nyumbani hajifunzi ulinzi. Anacheza. Mwizi hamjui, na mkono anaoutafuna ndio huohuo unaompa uji. Silika ya kulinda eneo lake humjia mbwa anapokomaa, karibu na mwaka mmoja kwenda mbele, na itakuja hata kama ulimfundisha kuushika mkono wako bila kuutoboa. Faida ni kwamba mbwa aliyefundishwa unaweza kumwogesha, kumtoa kupe na kumshika wakati daktari wa mifugo anamchoma sindano. Mbwa asiyeshikika hachanjwi. Na mbwa asiyechanjwa, katika nchi ambayo kichaa cha mbwa bado kinaua watu, ni hatari kwako kuliko huyo mwizi.

Anza na umri wake

Kabla ya yote, uliza ana wiki ngapi. Meno ya utotoni huanza kuchomoza karibu wiki ya tatu, na yakitimia ni 28, membamba yenye ncha kali. Katika wiki hizo anajifunza kwa ndugu zake jambo ambalo binadamu ni vigumu kulifundisha vizuri vile: akimng'ata mwenzake kwa nguvu, mwenzake analia na mchezo unaishia hapo. Akimng'ata mama wakati wa kunyonya, mama anainuka na ziwa linaondoka. Taratibu anajua kipimo cha taya zake.

Masomo hayo yanahitaji aendelee kukaa na mama yake mpaka wiki ya nane hivi. Huku kwetu watu wanagawa watoto wa mbwa wakiwa na wiki nne au tano, pindi tu wanapoweza kulamba uji kwenye sahani, ili mama apumzike na mwenye nyumba apumzike zaidi. Kama bado hujamchukua, mwombe mwenye mbwa akukalie naye mpaka wiki nane, hata kwa kuchangia unga na dagaa. Kama ameshakuja kwenye boksi la sabuni akiwa mdogo kuliko hapo, basi. Kazi ya ndugu zake umeirithi wewe, na tarajia kung'atwa zaidi kuliko jirani aliyechukua wa wiki nane.

Panga nyumba kabla ya kumpanga mbwa

Viatu tunavyovivua mlangoni viinuliwe. Ndala, soksi za sare, kitambaa cha deki, mswaki ulioanguka, vyote viwe juu ya kimo chake. Usimpe kandambili kuukuu "achezee", kwa kuwa hawezi kutofautisha kuukuu na ile uliyonunua jana. Akina mama na akina dada, kwa wiki hizi fungeni kanga kibwebwe au vaeni suruali mnapokuwa uani. Pindo linaloburuzika linamwita, na dera ndilo baya kuliko yote.

Mwandalie vitu vyake vya kutafuna. Huhitaji duka. Chukua fulana mbovu, ikate vipande vitatu virefu, usuke, ufunge fundo kila upande. Iwe ndefu, urefu wa mkono wako kuanzia kiwiko hadi vidole, ili meno yake yawe mbali na ngozi yako mnapovutana. Tengeneza mbili au tatu. Moja iloweshe maji na uiweke kwenye sehemu ya barafu ya jokofu kwa ajili ya siku fizi zikimwasha. Karoti nzima iliyopoa nayo inafaa, ukiwa umekaa naye.

Vitu vya kumnyima navyo vijulikane, maana kwenye kihamba viko kila mahali. Gunzi la mahindi huziba utumbo, na kulitoa ni upasuaji. Kokwa la parachichi na la embe vivyo hivyo. Mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Kamba ya katani anaivuta uzi mmoja mmoja na kuumeza, kwa hiyo isiachwe kwake bila mtu.

Mwisho, awe na kona yake ya kulala, boksi au banda lenye gunia kavu, pasipo na pilikapilika. Kona hiyo isiwe jela. Ukimtupa humo kwa hasira kila anapokosea, ataichukia, nawe utaihitaji sana kwa hatua inayofuata.

Usingizi

Mtoto wa mbwa hulala saa 18 hadi 20 kwa siku. Ajabu ni kwamba akikosa usingizi hapoi. Anachachamaa kama mtoto mdogo aliyekosa kulala mchana, anakimbia uwanja mzima, anang'ata kila kinachosogea na hasikii neno. Saa yake mbaya ni jioni, kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili usiku, watoto wakiwa wamerudi shule na kila mmoja anataka zamu ya kumbeba.

Ukiona amefika hapo, usianze somo. Hakuna anachojifunza. Mpeleke akojoe, mpeleke kwenye kona yake, mpe kitambaa chake cha kutafuna, funga mlango, nyamaza. Atalia kidogo kisha atalala. Kwa uzoefu wangu nusu ya malalamiko ya "mbwa wangu ni mkorofi" yanaishia hapa, kabla hujafundisha chochote.

Somo lenyewe: alegeze mdomo kwanza, aufunge baadaye

Hapa ndipo wengi wanakosea mpangilio. Wanataka siku ya kwanza asiguse mkono kabisa kwa jino. Kumbe mbwa anayezuiwa kabisa kutumia mdomo utotoni hajawahi kujifunza nguvu ya taya zake, na siku moja ukubwani akikanyagwa mkia au akishtuliwa usingizini, atang'ata kwa nguvu zote maana hana kipimo kingine. Unataka kwanza ajue kung'ata polepole. Halafu ajue kutong'ata.

Kaa chini naye akiwa ameamka vizuri na hana njaa kali. Mchezee. Akikushika mkono kwa mdomo taratibu, endelea. Akibana mpaka ukaumia, fanya hivi:

1. Legeza mkono, usiuvute. Mkono unaochomoka haraka ni windo linalokimbia, na ataufuata.
2. Toa sauti moja fupi ya kuumia, "aah!", bila kupayuka. Watoto wengine wa mbwa huachia hapohapo. Wengine sauti inawapandisha mori, wanang'ata zaidi. Ukiona wako ni wa kundi la pili, sauti iache kabisa, nyamaza tu.
3. Simama, mgeuzie mgongo, ondoka. Akifuata kisigino, pita upande wa pili wa mlango au geti dogo. Sekunde 10 hadi 20 zinatosha. Ukikaa dakika tano ameshasahau kilichokuondoa.
4. Rudi kimya, bila hotuba, endelea na mchezo. Akibana tena, ondoka tena. Akirudia mara ya tatu mfululizo, funga mchezo, huenda amechoka.

Fanya vipindi vifupi, dakika tano hivi, mara kadhaa kwa siku. Wiki ya kwanza kataa ule mbano unaouma tu. Ukishapungua, anza kukataa na ule wa wastani. Baadaye kataa hata jino linalogusa kidogo, na kila anapotaka kutafuna mbele yake uwe na ile fulana iliyosukwa. Mtikisie ardhini, aikamate, mvutane. Anapoishika hiyo badala ya mkono wako, msifu kwa sauti ya chini. Watu wetu wana aibu ya kumsifu mbwa, sijui kwa nini, ilhali kumtukana hawaoni haya.

Mchezo wa dagaa

Huu ndio ninaoupenda, na gharama yake ni dagaa wachache wakavu waliokatwakatwa vichwa na mchanga kuoshwa. Weka kipande kimoja kwenye ngumi, funga, shusha ngumi mbele ya pua yake. Atanusa, atalamba, ataparua kwa kucha, atajaribu meno. Wewe usiseme kitu na usisogeze mkono. Kama meno yanauma, inua ngumi juu, subiri, shusha tena. Itafika sekunde moja ambapo atatoa pua pembeni kwa kukata tamaa. Sekunde hiyohiyo fungua ngumi, mpe.

Rudia. Baada ya vipindi kadhaa ataanza kurudi nyuma mwenyewe akiona ngumi inashuka. Hapo ndipo unaongeza neno: "Acha." Linasemwa mara moja, kwa sauti ya kawaida, kabla ngumi haijafika chini. Akishalijua kwenye ngumi, lipeleke kwenye dagaa aliye kiganjani wazi, kisha aliye chini sakafuni, kisha kwenye soksi, kisha kwenye mkono wa mtoto. Usiruke daraja.

Neno liwe moja nyumba nzima. Baba akisema "stop", mama "acha", dada "wee!" na watoto "toka", mbwa atasikia kelele nne. Andika karatasi mbandike jikoni kama ni lazima.

Wakati huohuo mzoeshe kuguswa. Gusa sikio, mpe dagaa. Shika unyayo, mpe. Inua mdomo wa juu uangalie meno, mpe. Pita karibu na bakuli lake anapokula na udondoshe kitu kitamu zaidi ya ugali alionao, kisha uende zako. Anajifunza kwamba mkono wa mtu ukikaribia, chakula kinaongezeka. Tabia ya kumpokonya bakuli "ili ajue nani mkubwa" inamfundisha kinyume chake, kulinda chakula kwa meno.

Akikimbiza miguu

Simama. Usikimbie, usirushe teke, usicheke. Mguu uliosimama haunogi. Akiachia, ita jina lake, mtupie fulana yake mbali na miguu yako, kisha endelea kutembea. Kwa mtu anayepita na ndoo ya maji kichwani hili halitekelezeki, kwa hiyo saa za kuteka maji na kufua mbwa awe kwenye kona yake.

Watoto, dada, na mzee anayelinda

Mbwa anafundishwa na kila anayeishi hapo. Ukifanya kila kitu sawa asubuhi, na jioni mtoto wako wa darasa la tatu anamkimbiza akipiga mayowe huku akimpungia mkono usoni, jioni ndiyo inayoshinda.

Watoto wapewe amri chache wanazoweza kuzishika. Mbwa akikurukia, simama wima, kunja mikono kifuani, tazama juu. Usimbebe, kaa chini aje mwenyewe. Akilala au akila, pita mbali. Michezo yote ni kwa fulana ndefu, kamwe si kwa vidole. Mtoto wa chini ya miaka sita hivi asiachwe na mbwa peke yao hata dakika unayoenda kuzima jiko, kwa usalama wa wote wawili, kwani watoto nao wanavuta masikio. Na watoto wa jirani wanaopita kwenye migomba kuja kucheza wafundishwe vilevile, kwa kuwa wao ndio watakaong'atwa, na mama zao ndio watakaokuja kugonga.

Dada wa kazi mara nyingi ndiye anayekaa na mbwa kutwa nzima, lakini ndiye asiyeambiwa chochote. Mkalishe, mwonyeshe mchezo wa dagaa, mwachie dagaa. Na kama una mlinzi wa usiku, zungumza naye kwa heshima yake: "Mzee wangu, shikamoo, naomba huyu mdogo tusimchokoze na fimbo." Wapo wanaoamini mbwa anatiwa ukali kwa kuchokozwa kwa kijiti kupitia mlango wa banda. Anachotiwa ni woga, na mbwa mwoga humng'ata aliye karibu, ambaye kwa kawaida ni wewe.

Yale ya kuacha

Kofi la pua, kumkaba mdomo mpaka alie, pilipili kwenye ulimi, kumfungia kwenye banda la giza ili "asizoee watu". Haya yote yanafanyika Moshi, Arusha na kwingineko, na wanaoyafanya si watu wabaya. Ndivyo walivyoona kwa babu zao. Yana tatizo moja kubwa: mkono unageuka kuwa kitu cha kuogopwa. Mbwa anayeogopa mkono anaweza kuonekana mpole kwa miezi, mpaka siku mtu mgeni atakapomnyooshea wake. Isitoshe, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Kitu kingine: usimwadhibu kwa kunguruma. Kunguruma ni onyo, na onyo ni zuri. Ukilipiga mpaka likome, umebaki na mbwa anayeng'ata bila taarifa. Akinguruma, sogea, kisha jiulize alikuwa analinda nini au anaumwa wapi.

Mnyororo wa kutwa nao unamrundikia nguvu zisizo na pa kwenda. Najua mtasema akifunguliwa anatoka barabarani. Ni kweli, na kabla hajamaliza chanjo zake za utotoni hatakiwi kuzurura, maana kirusi cha parvo, kinachowaharisha watoto wa mbwa mpaka kuwaua, hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Chanjo hizo huanza wiki ya sita hadi ya nane na hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Basi acheze ndani ya uzio. Nje mtoe ukimbeba mikononi: azoee bodaboda, mwendesha mkokoteni, mwanamke mwenye mwavuli, mzee mwenye bakora na kofia. Wiki hizi za mwanzo, mpaka kama ya 14, ndizo anazoandika kichwani vitu vya kawaida na vitu vya kutisha. Mbwa aliyeona watu wengi akiwa mdogo haoni sababu ya kuwang'ata akiwa mkubwa.

Jino likitoboa ngozi

Osha jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 ukitazama saa. Ni ndefu kuliko unavyodhani. Usipake majivu, mafuta ya taa, kitunguu wala dawa ya mswaki. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, uhakikishe wamesikia neno "mbwa", maana linabadilisha tiba: chanjo ya kichaa cha mbwa, na pepopunda nayo huangaliwa. Si kila zahanati ina chanjo hiyo. Ukiambiwa haipo, usirudi nyumbani kungoja. Ulizia hospitali kubwa, kama Mawenzi au KCMC kwa Moshi, Mount Meru kwa Arusha.

"Ni mtoto wa mbwa tu" si hoja. Mbwa mdogo naye anaweza kuambukizwa, na chanjo yake ya kichaa hutolewa kwa kawaida akifika miezi mitatu, kwa hiyo wakati wa kung'atang'ata sana ndio wakati ambao bado hana kinga. Usimuue wala kumtupa kwa hasira; mwarifu ofisa mifugo wa kata ili aangaliwe kwa siku 10. Akiwa mzima siku hizo zikiisha, daktari atakwambia kama dozi zilizobaki zinahitajika. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa, ndiyo sababu hakuna kusubiri kuona.

Miezi minne hadi saba

Karibu na mwezi wa nne meno ya utotoni yanaanza kudondoka na ya ukubwani, 42, yanapanda. Utaona damu kidogo kwenye fulana yake, pengine jino dogo uani. Fizi zinamwasha na atatafuna kwa bidii mpya hata kama alikuwa ameshatulia, na ndipo watu wanasema mafunzo yameharibika. Hayajaharibika. Rudisha vitambaa vya barafu, inua viatu tena, endelea na ngumi ya dagaa.

Kinachopaswa kukupa wasiwasi ni kingine: mwili unaokakamaa na macho kuganda kabla hajang'ata, kunguruma kila mtu akisogelea bakuli, au mbwa aliyekuwa mchangamfu kubadilika ghafla, kujificha, kudondosha mate au kushindwa kumeza. La mwisho hilo usimguse mdomoni hata kidogo. Mfungie mahali salama na umwite daktari wa mifugo.

Wengi hutulia kabisa wakifika miezi sita au saba. Angalia kinywa chake wakati huo. Ukikuta jino jembamba la utotoni bado limesimama ubavuni mwa jino jipya, hasa yale ya chonge, usiling'oe kwa koleo. Mizizi yake ni mirefu na hukatikia ndani. Mpeleke kwa daktari alitoe akiwa amelazwa usingizi.